Tochi ya Kwenye Funguo

Meneja aliitoa mfukoni akaiweka mezani, katikati ya vikombe vya chai, na wote watatu wakainama kuitazama kama watu wanaotazama jino lililong'olewa.

Ilikuwa tochi ndogo, haifiki hata kidole gumba cha mtu mzima. Nyeusi, mwili wa plastiki ngumu, mbele ina kijicho kimoja cha LED, ubavuni kitufe cha kubonyeza, nyuma kipete cha kupitishia funguo. Redio, mkata tiketi wa sinema, ndiye aliyeibonyeza wa kwanza. Alijimulika machoni mwenyewe.

"Hii si tochi, hii ni kesi," akasema huku akipepesa. "Mtu akinimulika hivi namshtaki."

"Shangazi, ichukue wewe," meneja akasema. "Itie kwenye funguo zako, uzunguke nayo. Ngazini, dukani, nyumbani, popote. Ishi nayo. Ijumaa uniambie kama inafaa."

"Inafaa kwa kazi gani?"

Meneja akakoroga chai aliyokwisha kuikoroga. Alikuwa kijana mwenye heshima zake, na kijana mwenye heshima akitaka kukuambia jambo baya lazima kwanza aisumbue chai.

"Wateja wa siku hizi hawapendi kuongozwa, Shangazi. Wanataka kuingia wenyewe, kimya kimya. Sasa nimewaza, kila anayekata tiketi tumpe tochi yake, akitoka airudishe. Atakayeipenda, ainunue aende nayo nyumbani."

"Na mimi?"

"Wewe huendi popote. Mshahara wako palepale. Utakaa na Redio dirishani, mnatoa tochi, mnapokea tochi."

Redio aliacha kutafuna. Kwa watu waliomfahamu Redio, hilo lilikuwa tukio.

Shangazi hakuwa shangazi wa damu wa mtu yeyote pale. Aliajiriwa na baba yake meneja, enzi ambazo meneja mwenyewe bado anabebwa mgongoni, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kuelekeza watu kwenye viti ukumbini, sinema ikishaanza na taa zimezimwa. Ukidhani ni kazi ya kushika tochi tu, basi hujawahi kuifanya. Mwelekezaji asiyejua kazi humulika mbele yake, akaona njia yeye, huku mteja wake nyuma anavunja goti. Shangazi alitangulia na ile tochi yake kubwa ya mawe mawili ameishika nyuma ya kiuno, imeinamishwa chini, imefungwa kitambaa chekundu kwenye kioo. Mwanga wote ulimwangukia mteja miguuni. Yeye mwenyewe alitembea kwenye giza tupu. Hakuhitaji kuona. Ukumbi ule aliujua kwa nyayo.

"Ngazi hiyo. Nyingine. Zulia limevimba hapa, inua mguu. Safu yako hii, kushoto."

Na mteja akikaa, basi. Anatazama mbele, na Shangazi anarudi zake mlangoni.

Ndiyo maana watu wengi hawakumjua sura. Yeye naye hakuwajua sura, alijua viatu. Lakini kwa viatu alijua mambo ambayo wake na waume wa watu wangelipa kuyasikia. Alijua vile vya kahawia vya mwalimu mkuu, vilivyozoea kuja sambamba na vyekundu vya visigino ambavyo havikuwa vya mkewe. Alijua viatu vya uchumba, vinavyopigwa rangi hadi nyayoni, na jinsi vinavyorudi baada ya harusi vikiwa ndala. Hayo yote aliyapeleka kwa Redio wakati wa chai, na Redio akayapokea kama mtu anayelipwa kwa kilo.

Ila chai ya pale ni fupi, na Redio ana mume, wakwe, mawifi na watoto wasiohesabika wanaomsubiri. Akishafunga dirisha lake humwoni. Shangazi alikuwa na chumba ghorofa ya tatu. Binti wa dada yake, aliyemlea tangu hajajua kukaa, aliolewa mbali. Anapiga simu Jumapili, lakini simu zenyewe siku hizi ni, "Mama mdogo hujambo, hawa watoto wananitoa roho, nitakupigia." Hapigi. Kwa hiyo ukichukua maneno yote ambayo Shangazi alisema na binadamu kwa siku, mengi yalikuwa yale ya gizani: ngazi hiyo, nyingine, inua mguu. Watu walimfuata, wakamkabidhi miguu yao. Ukimweka nyuma ya kioo cha dirisha akipokea tochi, maneno hayo yanakwisha. Hilo ndilo lililomkaa kifuani alipokuwa akiipitisha ile tochi kwenye pete ya funguo zake. Mshahara hata hakuufikiria.

Lakini alikuwa mtu wa kazi. Akiambiwa jaribu, anajaribu.

Alianza na ngazi za nyumba yake. Zile ngazi hazina dirisha, na taa yake iliungua zamani, wapangaji wakasukumiana hadi wakasahau. Shangazi alikuwa akizipanda gizani bila shida. Siku hiyo alibonyeza kitufe, akamulika mbele kama watu wengine, na kwa mara ya kwanza akaona anapokaa. Ukutani mtoto alikuwa amechora treni kwa chaki, behewa baada ya behewa, kutoka chini hadi ghorofa ya pili. Hakujua kama kuna mtoto. Mlango ukafunguka kidogo.

"Nani huyo?" jirani akauliza, jicho moja tu nje.

"Ni mimi, wa juu."

"Aa. Nilidhani fundi amekuja kutengeneza taa."

"Hapana, najaribu tochi. Hii treni kachora nani?"

"Wa kwangu. Ataifuta." Mlango ukafungwa.

Shangazi alitaka kusema asiifute, ni nzuri, ila sasa angeuambia ubao wa mlango.

Kesho yake aliidondosha ngazini kwa makusudi. Ikaruka kama panzi, ikatua, ikawaka. Akaitosa kwenye ndoo ya nguo zenye sabuni, akaikamua kama soksi, ikawaka. Soketi ya pasi ilipolegea aliing'ata tochi kwa meno ili mikono yote iwe huru kwa bisibisi, na akaona ni nyepesi, haichoshi taya, isipokuwa ladha ya plastiki inakaa mdomoni hadi chakula cha jioni. Mwanga wake ulikuwa mweupe wa kukata, mweupe wa hospitali. Ule wa tochi yake kubwa ulikuwa wa manjano, kama chumba chenye watu.

Ili aipime betri, aliiacha inawaka juu ya kabati akaenda kazini. Aliporudi na kufungua mlango, akakuta chumba kina mwanga. Kitanda kinaonekana, kiti kinaonekana, kanga aliyoiacha kwenye kiti inaonekana. Alisimama pale mlangoni na mfuko wake wa mkate kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa kama kuna mtu alibaki nyumbani akimngoja. Kisha akaingia, akaizima, akawasha taa ya kawaida, akajiambia kwa sauti, "Betri nzuri." Akaisikia sauti yake mwenyewe ikigonga sufuria.

Kosa lake la kwanza tochi ililionyesha kwenye foleni ya duka. Shangazi alikuwa amesimama na mkoba begani, anawaza mambo yake, akasikia mtu nyuma yake.

"Mama, samahani. Mkoba wako unawaka."

Kweli. Mwanga ulikuwa ukitoka kwenye zipu kama mtu kaficha mwezi mle ndani. Watu wa mbele waligeuka, mwenye duka akacheka, mwanamke mmoja akasema akaombewe. Shangazi alichomoa zile funguo, akaona ufunguo mkubwa wa mlango umeegemea kitufe na kukibana. Akaizima. Akageuka kushukuru, na macho yake, kwa mazoea, yakaenda chini.

Aliviona viatu vyeusi vya kamba, vya ngozi nzuri iliyochoka, kimoja kimefungwa kamba fundo moja na kingine mafundo mawili. Alivijua viatu vile kama anavyoijua mikono yake. Mwenye viatu alikuwa fundi saa mstaafu, mteja wa kila wiki, mtu wa onyesho la alasiri. Macho yake yalimwishia kwenye ile kazi ya kuchungulia vijigurudumu, sasa huona vitu kama vipo nyuma ya maziwa. Shangazi alikuwa amempeleka kwenye kiti chake miaka na miaka, mpaka mzee akiugua wiki moja, Shangazi humwazia.

Akainua macho, akamtazama usoni, kwenye mchana mweupe. Fundi saa naye alimtazama, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwenye mkoba unaowaka. Shangazi akangoja. Alijua angesema neno moja tu, hata "ahsante" tu, angejulikana. Lakini alitaka ajulikane bila kusema. Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo.

"Haya mama, foleni inasogea," fundi saa akasema.

Akasogea.

Habari hii ilipomfikia Redio kesho yake, alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Halafu akaacha kucheka kwa ghafla, akafunga mlango wa chumba cha tiketi.

"Wewe Shangazi, unajua una nini mkononi? Hilo ndilo kosa lenyewe. Inajiwasha. Mwambie meneja inajiwasha yenyewe mfukoni, betri zinaisha, wateja watarudisha wakipiga kelele. Na si uongo. Imekuaibisha dukani, mashahidi wapo."

"Inajiwasha ukiichanganya na funguo nyingine," Shangazi akasema. "Nimeipa kipete chake peke yake, ikatulia. Tangu jana haijawaka."

"Hayo ya kipete nani kakuuliza?"

"Na hapa wala haitakuwa na funguo. Itaning'inia kwenye msumari."

"Mungu wangu, mtu huyu anajichimbia kaburi na kulipima urefu." Redio akamshika mkono. "Sikiliza, mwenzangu. Wewe sema inajiwasha, kisha nyamaza. Kunyamaza si dhambi. Mimi mwenyewe sijawahi kujaribu ila nasikia inawezekana."

Shangazi akacheka, lakini maneno yale aliondoka nayo. Yalikuwa mepesi kubeba. Neno moja la kweli, na kimya kidogo nyuma yake, na angebaki mlangoni pake hadi miguu ikatae.

Alhamisi meneja akataka kuona kwa macho. Alikuwa na tochi nyingine chache za sampuli, akawapa wateja wa alasiri waliochelewa, akamwomba Shangazi asimame tu mlangoni bila tochi yake, atazame. Mikono yake haikujua iende wapi. Aliikunja, akaikunjua, mwisho akashika pazia.

Wakaja wasichana wawili wakamulika dari kwanza, kisha wakamulikana, kisha wakaenda. Akaja baba mmoja mnene akafika kitini kama mtu aliyezaliwa humo. Halafu Shangazi akaviona vile viatu vyeusi vya kamba.

Fundi saa alisimama mlangoni, hatua chache tu kutoka alipo Shangazi. Akaigeuza tochi mkononi, akakipata kitufe kwa vidole, kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado vya fundi. Mwanga ukaanguka chini mbele yake, mweupe, mkali. Akaanza kushuka.

Na Shangazi, Mungu amsamehe, akatamani ajikwae. Si kuumia. Kuyumba tu. Ashike kiti, ageuke nyuma, aseme yuko wapi yule mama. Ngazi ya kwanza akaishuka. Ya pili akaishuka. Akafika kwenye zulia lililovimba, akasimama, akainama, akalimulika, akainua mguu mwenyewe. Akahesabu safu kwa mwanga, akaingia kushoto, akakaa. Akaizima tochi. Akavua kofia akaiweka kwenye kiti cha pembeni.

Sinema ikaendelea. Ilikuwa ya familia moja inayogombea nyumba, watu wengi, nyuso zinafanana. Baada ya muda sauti ya fundi saa ikasikika ikinong'ona kwa baba mnene wa kiti cha jirani.

"Samahani, huyu ndiye yule aliyetoka jela?"

"Shh."

"Au ni kaka yake?"

Baba mnene akainuka, akahamia safu nyingine. Haikuwa mara ya kwanza. Shangazi alikuwa ameyasikia haya wiki nyingi kutoka mlangoni pake, na kila mara jibu lilimjia kwenye ulimi, maana sinema moja yeye huisikia mpaka anaiota. Lakini mwelekezaji haongei watu wakishakaa. Baba yake meneja ndivyo alivyomfundisha. Kwa hiyo fundi saa alibaki na kofia yake, akiitazama skrini kama mtu aliye nje ya dirisha la sherehe.

Taa zilipowaka, meneja alimwahi fundi saa pale kwenye ukumbi wa mbele. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia akikunja kitambaa chake chekundu ambacho hakikuwa na haja ya kukunjwa.

"Mzee, umeionaje tochi?"

"Nikwambie ukweli, mwanangu?" Sauti ya fundi saa ilikuwa na uchangamfu ambao Shangazi hakuwahi kuusikia gizani. "Leo nimeingia kama mwanamume. Yule mama wenu ni mwema, sina neno naye. Lakini kila wiki naongozwa kama kipofu, watu wanageuka kuniangalia. Nilikuwa nawaza niache kuja."

Shangazi akabaki na kitambaa mkononi.

Alikaa na maneno hayo nyumbani hadi usingizi ukapita bila kumgusa. Miaka yote alidhani anampa mtu yule kitu. Kumbe kila alipomwambia inua mguu, kitu fulani cha yule mzee kilikuwa kinashuka. Alikasirika. Akamtukana kimoyomoyo, akamwita mzee wa maziwa machoni, mtu asiye na shukrani. Kisha hasira ikakosa pa kukaa, kwa sababu alikumbuka pale dukani, alivyosimama kungoja ajulikane, na alivyoona haya alipogeuka bila kujulikana. Haya ya mtu ni kitu kidogo, lakini mwenyewe huibeba kila mahali.

Ijumaa wakakaa tena kwenye chai. Redio alimkanyaga mguu chini ya meza kabla hata meneja hajauliza.

"Inafaa," Shangazi akasema.

Redio akafumba macho.

"Haifi kwa maji, haivunjiki, betri inadumu. Mwanga wake ni mkali mno kwa ukumbini, utawaudhi waliokwisha kukaa. Kata vipande vya utepe mwekundu ubandike kwenye kijicho, mimi nitakuonyesha kipimo. Kwa wanaotaka kwenda nayo nyumbani, waambie waipe kipete chake peke yake, isikae na ufunguo mkubwa. Ikikaa nao inabanwa, inajiwasha."

Meneja alimtazama. "Shangazi, una uhakika? Maana ukisema inafaa, naagiza leo."

"Agiza."

"Na dirishani utakaa? Au unataka tufikirie kitu kingine?"

Hapo Shangazi alisukuma kikombe pembeni. Hakuwa amepanga kuomba kitu. "Nitakaa dirishani watu wakiingia, na wakitoka. Lakini wakishaingia wote, kule kwenye kioo nitakuwa namtazama Redio akihesabu nywele zake. Nataka kiti ndani."

"Kiti gani?"

"Chochote. Kwani kumejaa?"

Redio ndiye aliyeanza kucheka, na meneja akafuata, maana ukumbi ule mara ya mwisho kujaa ilikuwa kwenye msiba wa baba yake.

Tochi zikaja katoni zima. Wiki ile Shangazi alizitoa kwa mkono kwenye tundu la kioo, moja moja, na watu walizichukua bila kumtazama, kama alivyotarajia. Fundi saa alichukua yake, akasema ahsante kwa kioo. Shangazi hakujibu. Onyesho lilipoanza na hakuna aliyebaki nje, aliinuka, akapita kwenye pazia, akashuka ngazi gizani bila kuwasha chochote. Akaingia safu ya kushoto. Akaacha kiti kimoja, kile cha kofia, akakaa.

Hakuwahi kukaa mle watu wakiwepo. Kiti kilikuwa laini kuliko alivyofikiri. Skrini ilikuwa kubwa mno kwa karibu, na kila uso uliotokea ulimwangalia yeye.

Muda ukapita. Mtu mmoja kwenye skrini alishuka kwenye gari, akavua miwani.

"Samahani," fundi saa akanong'ona, tayari sauti imejikunja kungoja kufukuzwa. "Huyu ndiye wa mwanzo?"

"Siye. Wa mwanzo yuko hospitali. Huyu ni mdogo wake, ndiye aliyeuza shamba."

"Aa. Na yule mama anajua kwamba kauza?"

"Bado. Ataambiwa na mpishi."

Fundi saa alitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye saa iliyomsumbua imeanza kutembea. Akageuza uso upande wa Shangazi, ambako bila shaka aliona giza juu ya giza.

"Sauti yako," akasema, "naijua."

Shangazi alitazama mbele. Neno lilikuwa limefika mdomoni, tayari limevaa. Angelisema, na yule mzee angejua ni nani amemkaa karibu: yule yule wa kumwambia inua mguu.

"Sauti yangu ya kawaida," akasema. "Wengi huifananisha."

"Labda."

Kwenye skrini mwanamke alifungua mlango bila kubisha, na muziki ukabadilika.

"Huyo je?"

"Wifi yao. Usimwamini."

Fundi saa akacheka kwa pua. Akapapasa kiti kilichokuwa kati yao, akaitoa kofia, akaiweka magotini.

"Basi sogea," akasema. "Huko uliko utatugombanisha na watu."